Akiba ya Kumbukumbu: Jinsi Kompyuta Inavyotenga Mahali pa Kupokelea Data

Kila kompyuta, iwe kubwa ya ofisini au ile ndogo iliyomo ndani ya simu ya mkononi, hufanya kazi za namna mbili. Ya kwanza ni kuhesabu. Ya pili ni kupokea na kupeleka. Watu wengi huisifu kompyuta kwa kazi ile ya kwanza, wakasahau kwamba hesabu haiwezi kuanza kabla data hazijafika kutoka katika diski, kamera au waya wa mtandao, na kwamba jibu halina faida mpaka lipelekwe nje. Katika makala hii tunakusudia kueleza sehemu moja ya kazi hiyo ya pili, nayo ni jinsi mfumo endeshi unavyotenga nafasi katika kumbukumbu kwa ajili ya data zinazoingia na kutoka. Jambo hili laonekana dogo, lakini nafasi ikitengwa pasipofaa, data ngeni huandikwa juu ya kazi nyingine, na mashine nzima huweza kusimama bila ya kutoa onyo lolote.

Prosesa si hamali

Zipo njia mbili za kuingiza data katika kumbukumbu. Njia ya kwanza ni kuifanya prosesa, yaani kile kiini kinachotekeleza amri zote za programu, ichukue baiti moja moja kutoka katika kifaa na kuiweka mahali pake. Tutazame mfano halisi. Kompyuta ya IBM PC, iliyoanza kuuzwa mwaka 1981, ilisoma disketi kwa kasi ya biti 250,000 kwa sekunde. Kwa kuwa baiti moja ina biti 8, disketi ilitoa baiti 31,250 kila sekunde, yaani baiti moja kila baada ya sehemu 32 za milioni za sekunde. Prosesa ya mashine hiyo, Intel 8088, ilikwenda kwa mapigo milioni 4.77 kwa sekunde. Basi baina ya baiti moja na baiti iliyofuata palikuwa na mapigo 150 hivi tu. Disketi ikisha kuzunguka haimsubiri mtu. Prosesa ikichelewa kidogo kwa sababu ya shughuli nyingine, baiti hupotea, na sekta nzima hapana budi isomwe upya katika mzunguko mwingine.

Njia ya pili ni kuiondolea prosesa kazi hiyo ya uhamali. Kifaa maalumu hupewa idhini ya kuandika katika kumbukumbu au kusoma humo moja kwa moja, bila ya kila baiti kupita katika prosesa. Njia hii hujulikana kwa kifupi kama DMA. Wazo lake si geni, kwani kompyuta kubwa kama IBM 709 ya mwishoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa na mikondo yake ya kupitishia data wakati prosesa ikiendelea na hesabu. Katika IBM PC kazi hiyo ilifanywa na chembe ya Intel 8237. Prosesa iliiambia mambo matatu: anwani ya kuanzia katika kumbukumbu, idadi ya baiti, na upande wa safari, kama ni kuingia au kutoka. Kisha ilikwenda zake. Kazi ilipokwisha, kifaa kilipeleka ishara ya kukatiza, nayo prosesa ikatambua kwamba mzigo umefika.

Eneo la kumbukumbu linalopokea mzigo huo huitwa bafa. Waweza kulifananisha na ghala la bandarini ambamo shehena hushushwa na kungoja wenyewe waje waichukue. Anayelitenga ghala hilo ni kiendeshi, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayoijua lugha ya kifaa fulani. Kiendeshi cha disketi hakijui mambo ya kamera, na cha kamera hakijui mambo ya disketi; lakini vyote viwili hukabiliwa na swali lile lile: bafa iwekwe wapi?

Mpaka wa 65,536

Msomaji aweza kudhani kwamba nafasi yoyote iliyo tupu yatosha. Sivyo. Chembe ya Intel 8237 ilihesabu anwani kwa biti 16 tu, na biti 16 haziwezi kutaja zaidi ya anwani 65,536, kuanzia 0 hadi 65,535. IBM PC ilikuwa na anwani za biti 20, yaani 1,048,576. Ili kuziba pengo hilo, waundaji waliweka kando rejesta ndogo ya kushika biti 4 za juu. Rejesta hiyo haikubadilika wakati wa safari. Hivyo kumbukumbu yote, machoni pa chembe ile, ilikuwa imekatwa vipande 16, kila kimoja cha baiti 65,536, na safari moja haikuweza kuvuka kutoka kipande kimoja hadi kingine.

Je, ilikuwaje safari ikijaribu kuvuka? Hutokea kama katika mita ya kilomita ya gari: ikifika 99,999 hurudi kwenye sifuri. Tuchukue duru moja ya disketi za mwaka 1981, yenye sekta 8 za baiti 512, yaani baiti 4,096. Tuseme kiendeshi kimetenga bafa kuanzia anwani 63,000. Baiti 2,536 za kwanza zitaingia salama na kufika 65,535. Baiti 1,560 zilizobakia hazitaendelea mbele, bali zitarudi na kuandikwa kuanzia anwani 0. Na katika mashine hiyo, baiti 1,024 za mwanzo kabisa ndizo zilizoshika jedwali la anwani 256 za programu zinazoitwa kila ishara ya kukatiza inapofika. Jedwali lote lingefutwa na data za disketi. Ishara ya kwanza kufika baada ya hapo, hata ya kubonyezwa kwa herufi moja tu, ingeipeleka prosesa mahali pasipojulikana.

Programu za msingi zilizohifadhiwa ndani ya IBM PC ziliitambua hatari hiyo. Zilipoombwa kusoma disketi kwa kuvuka mpaka, zilikataa na kurudisha kosa namba 9. Lakini kiendeshi kilichokiongoza kifaa chenyewe, bila ya kupitia programu hizo, hakikuwa na mlinzi. Dawa yake ilikuwa hesabu nyepesi ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuithibitisha. Ukihitaji baiti 4,096, omba 8,192, kisha uzigawe nusu mbili. Mipaka iko mbalimbali kwa baiti 65,536; kwa hiyo katika baiti 8,192 zinazofuatana hapawezi kuwamo zaidi ya mpaka mmoja. Mpaka huo waweza kukata nusu moja tu. Nusu ya pili lazima iwe nzima, nayo ndiyo itakayotumika.

Kisa hicho ni cha zamani, lakini kanuni iliyomo haijapita. Kila kifaa kina upeo wake wa kuona. IBM PC AT ya mwaka 1984 ilipanua anwani hadi biti 24, yaani baiti 16,777,216. Kompyuta zilipopata kumbukumbu kubwa kuliko hiyo, kadi zilizofuata mpango ule wa zamani hazikuweza kuiona sehemu ya juu. Ndiyo maana mfumo endeshi wa Linux, ulioanza mwaka 1991, uliliweka kando eneo la chini la ukubwa huo kwa ajili ya vifaa vya namna hiyo. Baadaye tatizo likarudi kwa sura nyingine, kwani vifaa vya biti 32 huona baiti 4,294,967,296 tu, ilhali kompyuta nyingi za leo zina zaidi. Bafa ikiwa juu ya upeo wa kifaa, hutumika bafa ya mpito: kifaa huandika katika eneo la chini, kisha prosesa hunakili data hizo hadi zinakotakiwa. Kazi hufanyika, lakini uhamali tulioukimbia umerudi kwa mlango wa nyuma.

Anwani mbili za mahali pamoja

Ugumu mwingine ulikuja pale kompyuta zilipoanza kuwalinda watumiaji wake wasiingiliane. Katika mpango huo, kumbukumbu hukatwa katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096 kila mmoja, na kila programu hupewa daftari la tafsiri. Programu huona kurasa zake zimepangwa mfululizo. Kwa kweli zimetawanyika huku na huko katika kumbukumbu halisi, na ni daftari lile linaloipeleka prosesa penyewe.

Chukua mfano wa bweni la shule. Katika daftari la mwalimu wa zamu, wanafunzi wa kidato kimoja wameandikwa namba 1 hadi 40 kwa mpangilio. Lakini huyu analala chumba cha 3, yule cha 17, na mwingine cha 9. Mwalimu mwenye daftari hapati taabu. Mgeni asiye na daftari, akiambiwa aanze mlango wa kwanza na kugonga milango 40 inayofuatana, atawaamsha wengi asiowatafuta. Prosesa ndiyo mwalimu, na kifaa ndicho mgeni. Kifaa kikipewa anwani ya programu badala ya anwani halisi, kitaandika pengine kabisa. Kikipewa anwani halisi ya ukurasa wa kwanza tu, na bafa ni ya kurasa 4, kurasa tatu zitakazofuata zaweza kuwa mali ya wengine.

Nafasi tele, lakini imetawanyika

Jibu jepesi lingekuwa kutenga kurasa zilizo mfululizo katika kumbukumbu halisi. Hapo ndipo kiendeshi kinapokutana na adui wake mkubwa, mtawanyiko wa nafasi. Walimu waweza kuuonyesha darasani kwa karatasi na maharage. Chora miraba 64 na kuipa namba 0 hadi 63. Weka harage katika mraba wa 3, wa 7, wa 11, na kuendelea hivyo hadi wa 63. Maharage yatakuwa 16, na miraba 48 itabaki mitupu, ambayo ni robo tatu ya karatasi. Sasa mwambie mwanafunzi atafute miraba mitupu 4 inayofuatana. Hataipata, kwani popote atakapoanza, mmoja kati ya miraba minne inayofuatana una harage.

Hali hii haipo kompyuta inapowashwa, ila hujengeka kadiri programu zinavyofunguliwa na kufungwa. Kiendeshi kinachoomba bafa kubwa asubuhi hupewa mara moja. Kikiomba kitu kile kile jioni, huweza kunyimwa ingawa kumbukumbu nyingi ziko tupu. Wahenga walisema akiba haiozi, na viendeshi vingi hufuata usemi huo: huomba bafa zao mwanzoni kabisa na kuzishikilia mpaka mashine izimwe.

Mifumo endeshi nayo hujitahidi kuupunguza mtawanyiko. Njia mojawapo ni ile iliyoelezwa na Kenneth Knowlton mwaka 1965, ambamo nafasi hugawanywa katika nusu na nusu tena, hivyo vipande huwa vya kurasa 1, 2, 4, 8 na kuendelea. Kipande kinaporudishwa, huunganishwa na pacha wake ikiwa naye ni mtupu. Njia hii ni ya haraka, nayo Linux huitumia, lakini haikosi gharama. Anayehitaji kurasa 5 hupewa 8, na 3 hukaa bure. Aidha, kipande kina ukomo. Katika kompyuta za kawaida za Linux kikubwa kabisa kwa desturi kimekuwa cha kurasa 1,024, yaani baiti 4,194,304. Tazama sasa picha moja ya kamera yenye nukta 1,920 kwa 1,080. Kila nukta ikichukua baiti 3, picha hiyo huhitaji baiti 6,220,800. Haiingii.

Njia tatu za kujinasua

Njia ya kwanza ni kukifundisha kifaa kusoma orodha. Badala ya kupewa anwani moja na urefu mmoja, kifaa hupewa karatasi ya maagizo: baiti 4,096 ziweke hapa, 4,096 zinazofuata ziweke kule, na kadhalika. Vifaa vingi vya kisasa, zikiwemo kadi za mtandao na diski za kasi, vimeundwa kufanya hivyo. Mtawanyiko haumdhuru tena mtu, maadamu kifaa chenyewe kina akili ya kutosha. Vifaa vya bei nafuu mara nyingi havina.

Njia ya pili ni kumpa mgeni daftari lake mwenyewe. Kati ya vifaa na kumbukumbu huwekwa kitengo cha kutafsiri anwani, kinachoitwa kwa kifupi IOMMU. Kifaa hudhani kinaandika mfululizo, kumbe kitengo hicho kinaipeleka kila baiti katika ukurasa wake halisi. Kwa njia hii hata kifaa chenye upeo mfupi huweza kufikishwa katika kumbukumbu za juu bila ya bafa ya mpito.

Njia ya tatu ni ya busara ya matumizi. Simu ya mkononi huhitaji eneo kubwa la mfululizo pale tu kamera inapofunguliwa. Kulitenga eneo hilo siku nzima ni ubadhirifu. Kutolitenga ni kujinyima kamera. Mwaka 2012, katika toleo la 3.5, Linux iliingiza mpango uliobuniwa na wahandisi wa Samsung. Eneo hutengwa mashine inapowashwa, lakini huazimwa kwa kurasa zinazoweza kuhamishwa. Kamera ikihitajika, kurasa hizo huhamishiwa kwingine, na eneo hubaki wazi. Ni kama ukumbi wa mitihani unaotumiwa kwa mikutano siku za kawaida: viti huruhusiwa, kwa sababu huondolewa, nguzo hairuhusiwi.

Rudi kwenye karatasi yetu. Sogeza maharage yote 16 upande mmoja, na miraba 48 itakuwa mfululizo. Kisha anza upya, lakini safari hii gundisha harage moja katika mraba wa 31. Upande wake wa kushoto kuna miraba 31, na wa kulia kuna 32. Utakavyoyapanga mengine 15, hutapata tena zaidi ya miraba 32 inayofuatana. Harage lililogundishwa ni bafa ambayo kifaa kinaitumia wakati huo. Haiwezi kuhamishwa, kwa kuwa kifaa kimekwisha kupewa anwani yake na kitaendelea kuandika pale pale. Kwa hiyo bafa moja ndogo, ikiwekwa vibaya, huzuia nusu ya karatasi.

Nakala iliyopitwa na wakati

Tuseme sasa bafa imewekwa mahali pazuri. Bado data zaweza kusomwa vibaya. Prosesa za leo zina kasi kupita kumbukumbu, na kwa hiyo huweka karibu nazo nakala za maneno yaliyotumika punde. Hifadhi hiyo ya karibu huitwa kashe. Kifaa kikiandika katika kumbukumbu na prosesa ikasoma kutoka katika kashe, itapata habari za zamani, ingawa mpya zimekwisha kufika. Kwa upande wa pili, prosesa yaweza kuandika katika kashe tu, na kifaa kikapeleka nje yale ya zamani yaliyobaki katika kumbukumbu.

Katika kompyuta za kawaida za mezani, vyombo vyenyewe hufuatilia mambo hayo na kusahihisha kashe. Katika mashine nyingi ndogo, kama zile zilizomo ndani ya vifaa vya kupimia, hapana usaidizi huo, na kiendeshi ndicho kinachopaswa kuamuru nakala zitupwe au ziandikwe. Hapo pana mtego. Kashe haishiki baiti moja moja bali mistari, mara nyingi ya baiti 64. Bafa ikianza katikati ya mstari, jirani yake katika mstari huo ni kitu kingine cha programu. Kuitupa nakala ya bafa ni kumtupa na jirani. Kwa sababu hiyo bafa yapasa ianze mwanzoni mwa mstari na imalizike mwishoni mwa mstari, hata ikiwa baiti kadhaa zitakaa bure.

Mgeni asiyeulizwa

Limebaki jambo la usalama. Kifaa chenye idhini ya DMA, pasipokuwa na IOMMU, huweza kusoma na kuandika popote katika upeo wake, na prosesa isiwe na habari. Mtu akichomeka kifaa chenye nia mbaya katika tundu la kompyuta, kifaa hicho chaweza kuchukua hata nywila iliyomo katika kumbukumbu.

IOMMU huziba tundu hilo, lakini haizibi lote. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Chuo Kikuu cha Rice na taasisi ya SRI International walitangaza uchunguzi walioupa jina la Thunderclap. Walionyesha kwamba mifumo endeshi kadhaa iliyotumika sana wakati huo ama haikuiwasha IOMMU, ama iliitumia kwa uzembe. Chanzo kimojawapo kilikuwa utengaji wa bafa. IOMMU hutoa ruhusa kwa ukurasa mzima, si kwa baiti. Bafa ya baiti 1,500 ikiwekwa katika ukurasa wenye siri nyingine, kifaa kilichoruhusiwa kuifikia bafa kimeruhusiwa pia kuifikia siri. Kukaa pamoja kwa ajili ya kubana nafasi kukawa ni kumpa mgeni ufunguo wa chumba cha jirani.

Nani mwenye mali kwa sasa?

Kutokana na yote hayo, msomaji ataona kwamba swali la kwanza la mwandishi wa kiendeshi halihusu ukubwa wa nafasi. Ni nani mwenye kuimiliki nafasi hiyo kwa wakati huu. Bafa ni amana inayopokezanwa. Kiendeshi huitenga mahali kifaa kinapopaona, huikabidhi kwa kifaa kwa anwani kinayoielewa, na tangu hapo hakiigusi mpaka ishara ya kukatiza ifike. Kisha huirudisha mikononi mwa prosesa, na kuhakikisha kwamba kashe haina nakala ya zamani. Kazi ikisha, kifaa husimamishwa kwanza, ndipo nafasi inaporudishwa kwa mfumo endeshi. Utaratibu huo ukipinduliwa, nafasi ikaachiwa kabla ya kifaa kusimama, mfumo utampa mwingine nafasi hiyo, na kifaa kitaendelea kumwandikia mtu asiyehusika.

Kosa la aina hiyo ni gumu kupatikana, kwa sababu anayeanguka si mkosaji. Programu ya barua huharibika, na kumbe aliyeandika pasipo haki ni kifaa cha sauti dakika kumi kabla. Mwanafunzi anayetaka kuingia katika fani hii hahitaji kuanza na mashine za thamani kubwa. Aanze na karatasi ya miraba 64 na maharage yake, na kila anapoliweka harage ajiulize: mraba huu kifaa kinauona? Jirani yake ni nani? Na ni lini nitaruhusiwa kuliondoa?